Damu Isiyo Yake

Fundi viti alikutwa amelala kifudifudi juu ya kochi alilokuwa hajalimaliza. Uso ulikuwa umezama kwenye sponji, mkono mmoja ukining'inia hadi sakafuni, karibu na nyundo. Damu iliyomtoka puani ilikuwa imelowesha kitambaa cha njano cha mteja, ikapenya kwenye sponji, ikachuruzika mpaka kwenye mguu wa kochi. Ilikuwa bado mbichi, kama ya mtu aliyejikata sasa hivi, ingawa mwili ulikwisha kupoa.

Inspekta aliliona hilo la damu, akalipita. Baadaye alijilaumu sana kwa kulipita.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, asiyependa kupaza sauti. Kituoni walimwita Mama Polepole, ingawa hakuna aliyethubutu kumwita hivyo mbele yake. Alivaa glovu, akainama, akamgeuza marehemu kichwa kidogo. Kwenye paji la uso palikuwa na uvimbe mdogo. Akapandisha mikono ya shati. Mikono yote miwili ilikuwa imejaa madoa: mengine ya zambarau, mengine yamekwisha kugeuka manjano.

"Huyu alikuwa anapigwa," alisema sajini wake. "Na si leo tu."

"Piga picha kwanza. Maneno baadaye."

Aliyemkuta alikuwa kinyozi wa chumba cha jirani, aliyekuja kuazima mkasi. Alisimama mlangoni na taulo begani, huku mteja wake akimsubiri upande wa pili, kichwa kikiwa kimenyolewa nusu.

"Ulisikia chochote asubuhi? Kelele, mtu kuanguka?"

"Afande, nikishawasha mashine yangu sisikii hata nikiitwa na mke wangu."

"Alikuwa na maadui?"

"Fundi? Fundi alikuwa mtu wa kumfungulia nzi dirisha, afande, badala ya kumpiga. Nitafute adui wake wapi?"

"Basi ugomvi. Na mtu yeyote."

Kinyozi akaivuta taulo yake, akaikunja, akaikunjua.

"Na mkewe," alisema kwa sauti ndogo. "Siku hizi walikuwa hawaelewani. Jana mama alikuja hapa, akampekua mifuko mbele ya wateja wangu. Akamnusa mpaka mdomo. Halafu akamwambia, 'Endelea tu. Utakufa, na uongo wako utakufa nao.' Mimi nilijifanya natafuta chanuo."

Mke mwenyewe alifika mbio kutoka kazini. Alikuwa mfuaji kwenye nyumba ya dobi, na aproni yake ilikuwa bado imelowa. Hakupiga yowe. Alisimama katikati ya chumba akiitazama ile damu kwenye kitambaa cha njano, kisha akasema, kama mtu anayeuliza njia, "Nani atamfulia huyu mteja kitambaa chake?"

Inspekta alikuwa ameona wajane wengi. Alijua kwamba mshtuko humfanya mtu aseme lolote. Lakini alikuwa ameshaziona zile alama mikononi, na maneno ya kinyozi yalikuwa bado yanamlia sikioni.

"Leo asubuhi alikula nini?"

"Uji. Akameza dawa."

"Dawa gani?"

"Ya kuzuia damu kuganda. Moyoni ana vali ya chuma, alipasuliwa. Namwekea kidonge mkononi mimi mwenyewe, nasimama mpaka ameze, namwambia afungue mdomo nione."

"Kama mtoto?"

"Daktari ndiye aliyeniagiza nimsimamie."

"Mlikuwa mnagombana."

Mwanamke aliinamisha kichwa. "Ndiyo."

"Juu ya nini?"

"Chakula. Anakula kwa siri vitu alivyokatazwa."

Sajini alikohoa. Hata Inspekta aliona jibu hilo halina miguu ya kusimamia. Hakuna mtu anayemwambia mumewe atakufa kwa sababu ya chakula.

"Nani alimpiga mikononi?"

"Sijui. Nilimwuliza, akasema amejigonga kwenye mbao. Alikuwa ananificha, siku hizi anavaa mikono mirefu hata kwenye joto."

"Unaishi naye nyumba moja na hujui?"

 Inspekta akampa ishara sajini. Wakamtoa nje, wakampitisha mbele ya wateja wa kinyozi, mbele ya majirani waliokuwa wamejaa barazani, aproni ikimdondokea maji miguuni. Binti yake, msichana mkubwa aliyekuwa ndiyo kwanza anafika, alijaribu kuushika mkono wa mama yake dirishani mwa gari. Inspekta alimwambia arudi nyuma. Alimwambia kwa upole, lakini alimwambia.

*

Daktari wa uchunguzi wa maiti alikuwa mwanamume mwembamba mwenye tabia ya kuimba kimoyomoyo akiwa kazini. Inspekta alipoingia, wimbo ulikatika.

"Mkono wa mtu haumo humu," alisema. "Fuvu limejaa damu ndani, ndiyo, na hicho ndicho kilichomwua. Lakini kilichoanzisha ni kujigonga kidogo tu. Kwenye karakana kuna rafu?"

"Ipo. Juu ya kochi. Ina kona."

"Basi aliinuka akajigonga. Mimi na wewe tungejipapasa, tungetukana kidogo, tungeendelea na kazi. Yeye damu ilianza kuvuja ndani ikagoma kusimama."

"Na madoa ya mikononi?"

"Mtu mwenye damu nyepesi namna hii, ukimshika mkono kwa kumsalimia unamwachia alama. Fizi zake pia zilikuwa zinatoka damu. Dawa ya kuzuia kuganda imejaa mwilini mwake kupita kiasi."

"Alizidishiwa."

"Alizidishiwa. Nani alikuwa anampa?"

 Jibu lilikuwa limelala mahabusu tangu jana. Alikuwa ameshafika mlangoni daktari alipoongeza, zaidi kwa kujisemea kuliko kumwambia yeye:

"Inasikitisha. Ukiacha hiyo vali, mwili huu ulikuwa mzima. Mishipa misafi, mafuta kwenye damu kidogo kabisa. Natamani ningekuwa na mishipa kama hii. Fundi wako alikuwa anakula kama mtu aliyeweka nadhiri."

Inspekta aligeuka. "Rudia."

"Nimesema hakuwa na mafuta. Kwani vipi?"

"Mkewe anasema waligombana kwa sababu ya chakula. Kwamba alikuwa anakula vitu alivyokatazwa, kwa siri."

"Basi alikuwa anavila ndotoni."

*

Aliporudi kituoni, alimtoa mjane mahabusu, akamketisha ofisini kwake. Vidonge vilivyochukuliwa nyumbani vilikuwa mezani, pamoja na karatasi ya daktari. Vililingana. Mwanamke hakuwa amezidisha hata nusu kidonge. Alikuwa ametoa kile alichoagizwa.

"Nieleze upya habari ya chakula," alisema Inspekta.

"Kliniki walimpima damu wakakuta mafuta mengi. Daktari akaniita, akaniambia, mama, mumeo anakula ovyo na anaruka dawa, damu yake inaganda haraka, vali itaziba. Nikamwuliza mume wangu. Akasema, 'Mke wangu, sijala.' Nikabadilisha mapishi, nikaacha mafuta kabisa. Kipimo cha pili kikaja kibaya zaidi. Nikamwuliza. Akasema, 'Sijala.' Sasa, afande, nimwamini nani? Mashine au mtu?"

"Ukaanza kumpekua."

"Nikaanza kumpekua. Nilimwuliza kinyozi, nilimwuliza muuza maandazi. Nikamwomba hata rafiki yake, Mwalimu, aje kumshauri, kwa sababu wanahudhuria kliniki pamoja. Mwalimu akaja, akaongea naye vizuri sana. Mume wangu alimsikiliza, mwisho akasema lile lile. Baada ya hapo hakujitetea tena. Alikuwa akitoka kazini anainua mikono mwenyewe ili nimpekue."

Alisema hilo la mwisho akiangalia vidonge. Inspekta alihisi uso unapata joto. Alikuwa na mamlaka ya kumwachia saa ile. Lakini alijiambia kwamba bado hajui kilichotokea, na kwamba mtu hawezi kuachiwa kwa sababu tu ametia huruma. Akamrudisha ndani. Hilo nalo alikuja kulijutia.

*

Kliniki ya moyo ilikuwa na korido ndefu yenye benchi upande mmoja. Ukutani, mahali ambapo kila anayeketi lazima apaone, palikuwa na picha kubwa ya mzee nadhifu mwenye tabasamu, na chini yake maneno: MGONJWA WETU WA MFANO. Mzee mwenyewe alikuwa pale pale chini ya picha yake, amevaa koti la wafanyakazi wa kujitolea, akipokea trei yenye vichupa vya damu kutoka chumba cha kutolea damu na kuipeleka dirisha la maabara, mwisho wa korido. Wauguzi walimwita Mwalimu. Alikuwa amestaafu ualimu mkuu, na bado alitembea kama mtu anayekagua mistari.

"Pole sana kwa kazi, afande," alisema alipojua Inspekta amefuata nini. "Fundi alikuwa rafiki yangu. Mimi ndiye niliyemleta hapa. Niliwahi kwenda kwake kumshauri, lakini alikuwa mgumu kidogo kukubali kosa. Mungu amrehemu."

"Alikuwa anakana?"

"Mpaka mwisho."

Daktari wa moyo alimpokea Inspekta ofisini, akifuta miwani yake mara kwa mara bila sababu.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu," alisema Inspekta.

"Vali ya chuma ni mlango. Damu ikipita pale inakutana na kitu kisicho cha mwili, inataka kuganda. Ndiyo maana wanameza dawa maisha yao yote. Sasa, mafuta yakizidi kwenye damu yanaelekea kuvichochea vile vitu vinavyogandisha, na wakati huohuo yanaupunguzia mwili nguvu ya kuyeyusha donge lililokwisha kuanza. Ndicho tunachochunguza hapa kwa wagonjwa wa vali: yanachangia kwa kiasi gani, na kwa nani zaidi. Hatujamaliza. Sitaki nikwambie zaidi ya ninachokijua."

"Na damu ya Fundi?"

"Ikizungushwa kwenye mashine, majimaji yake ya juu yalikuwa meupe kama maziwa. Mafuta matupu. Na ilikuwa inaganda upesi. Nikamwongezea dawa."

"Yeye alisema nini?"

"Alikana." Daktari aliinua mabega. "Wote wanakana."

"Kipimo kilichofuata?"

"Kibaya zaidi. Nikaongeza tena."

"Unaongeza dawa, damu inazidi kuganda. Hukushangaa?"

"Nilidhani hamezi. Ndipo nikamwita mkewe amsimamie."

"Akamsimamia. Alimfungua mpaka mdomo. Je, kipimo cha baada ya hapo?"

Daktari aliacha kufuta miwani. "Vilevile. Nilimsema mbele ya benchi zima. Nilimwambia kama anataka kufa asipoteze muda wetu."

Inspekta alivuta kiti karibu na meza.

"Daktari," Inspekta alisema, "mwenzako wa mochwari amenionyesha damu nyepesi kama maji na mishipa isiyo na mafuta. Wewe unanieleza damu nzito kama maziwa. Watu wawili waliosoma hawawezi kuwa na macho mabovu siku moja. Mimi nadhani mnazungumzia watu wawili. Vile vichupa mnavitupa?"

"Vya utafiti tunavigandisha. Viko kwenye friza."

"Nipe vyote vya siku ile ya mwisho. Vya kila aliyetolewa damu."

Sajini alivibeba kwenye boksi lenye barafu, akasaini, wakatoka. Koridoni Mwalimu aliwashikia mlango. Alilitazama boksi, akamtazama Inspekta, na ule mkono ulioshika mlango ukabaki hewani hata baada ya wao kupita.

*

Mtu wa mochwari hakuhitaji muda mrefu.

"Kichupa chenye jina la Fundi si cha Fundi," alisema. "Fundi ni kundi O. Mtu wa kundi O anabeba ndani ya majimaji ya damu yake askari wa aina mbili, mmoja wa kuikataa A na mmoja wa kuikataa B. Humu ndani hamna hata mmoja. Huyu ni AB, na si wengi wenye damu hiyo."

"Na Fundi yuko wapi?"

"Nimemtafuta. Waliobaki wa kundi O ni wachache, na mmoja tu kati yao ana damu nyepesi ya kutisha. Safi, haina mafuta, inagoma kuganda. Nitapeleka vinasaba vithibitishwe, lakini mimi sina shaka tena." Alikigeuza kile kichupa kibandiko kikaonekana.

Inspekta alisoma jina la mgonjwa wa mfano.

Siku ya pili alirudi kliniki mapema. Mwalimu alikuwa amesimama mbele ya wagonjwa wapya, akiwapa nasaha. Inspekta aliketi nyuma, kati ya bibi mmoja aliyekuwa anasinzia na kijana mwenye bandeji kifuani, akasikiliza.

"Daktari unaweza kumdanganya," Mwalimu alikuwa akisema. "Mke unaweza kumdanganya. Damu yako huwezi." Kijana wa bandeji aliandika maneno hayo kwenye simu yake. Hapo Mwalimu akamwona Inspekta. Alimaliza sentensi yake, akawatakia afya njema, akavua koti la kujitolea, akalikunja vizuri, akaliacha juu ya kiti.

"Naweza kuja bila pingu?" aliuliza.

"Unaweza."

*

Chumba cha mahojiano hakikuwa na dirisha. Palipokuwa kimya, vali ya Mwalimu ilisikika, tik, tik, chini ya shati lake la kupigwa pasi. Sajini alikuwa amemsomea onyo. Alisema ameelewa.

"Kundi lako la damu?"

"AB."

"Unajua kwa nini nauliza."

"Najua."

"Ulibadilisha vibandiko."

"Vinabanduka kwa urahisi chupa ikiwa bado ya moto. Kutoka chumba cha damu mpaka maabara kuna kona. Hakuna mtu pale."

"Mara moja?"

"Ya kwanza nilidhani itakuwa ya mwisho."

"Anza mwanzo."

Mwalimu aliweka mikono juu ya meza. Ilikuwa mikono safi, ya mtu aliyezoea kushika chaki na kuinawa.

"Mke wangu alipofariki nilianza kula. Sikuwa na njaa. Nyumba ilikuwa kimya, na kikaango kinapiga kelele. Nilikaanga kila kitu. Dawa nazo, yeye ndiye alikuwa ananiwekea kwenye kisosi. Mwanzo nikawa nasahau. Kisha nikawa sisahau, nakiangalia kisosi tu na kukiacha. Halafu daktari akaniambia wageni wanakuja kuiona kliniki, watafiti wakubwa, na mimi ndiye nitakayesimama mbele yao na vipimo vyangu. Nilijua damu yangu ikoje. Niliiona kwenye chupa kabla ya mtu mwingine kuiona, ilikuwa imeanza kuwa na ukungu."

"Ungeweza kumwambia daktari."

"Ningeweza."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Afande, mimi nimekuwa mtu wa kusimama mbele ya wengine miaka yangu yote. Watoto niliowachapa kwa uongo sasa ni wazazi, wananiletea wazazi wao pale benchi niwape nasaha. Niliona aibu. Hakuna sababu nyingine kubwa kuliko hiyo. Natamani ningekuwa nayo."

"Kwa nini Fundi? Benchi lilikuwa limejaa watu."

Tik, tik.

"Kwa sababu damu yake nilikuwa na uhakika nayo," alisema Mwalimu. "Fundi akiambiwa usile, hali. Akiambiwa meza, anameza. Nilihitaji damu ya mtu mwaminifu."

Sajini aliacha kuandika. Inspekta alimgusa kiwiko, akaendelea.

"Wageni wakaja, wakaondoka. Kwa nini hukuacha?"

"Kwa sababu sikuacha kula. Ningeacha vibandiko, kipimo changu kingeharibika ghafla na cha Fundi kingekuwa kizuri ghafla, wangeuliza. Nikajiambia nitajirekebisha kwanza, kisha nitaacha. Kila mwezi nilijiambia hivyo."

"Mkewe alikuja kukuomba ukamshauri mumewe."

"Alikuja analia."

"Ukaenda."

"Nikaenda. Nilikaa kwenye kochi alilolishona yeye mwenyewe, nikamwambia akubali tu, akikubali atapata nafuu moyoni. Aliniangalia sana. Akasema, 'Mwalimu, labda nakula usingizini. Labda naamka usiku nakula na sijui.' Alikuwa ameanza kujitilia shaka mwenyewe." Mwalimu aliiondoa mikono yake juu ya meza. "Nikamwambia inawezekana."

 Inspekta alilitazama swali lililobaki kama mtu anavyolitazama jipu kabla ya kulitumbua. Alijua jibu lake. Ilibidi litoke kinywani mwa mwenyewe.

"Fundi akiongezewa dawa, damu yake halisi ilizidi kuwa nyepesi. Na damu hiyo ilikuwa inasomwa kwa jina lako. Daktari alikwambia nini?"

"Kwamba damu yangu imekuwa nyepesi mno. Akanipunguzia dozi. Akaniambia niwe mwangalifu nisijigonge, hata kidogo tu naweza kuvujia ndani."

"Ulijua ni damu ya nani."

Mwalimu alifumba macho.

"Ulijua, Mwalimu?"

"Nilijua."

"Siku ngapi kabla hajafa, hilo nitalipata kwa daktari. Mimi nataka kujua ulifanya nini."

"Nilikwenda karakanani. Nilikuwa nimeamua kumwambia. Nilimkuta amepiga magoti anapigilia misumari, fizi zinamtoka damu, anazifuta na kitambaa ili nisione. Alikuwa anaona aibu mbele yangu. Afande, yeye alikuwa anaona aibu mbele yangu."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia awe mwangalifu asijigonge."

"Basi?"

"Akauliza kwa nini. Nikasema, umri, Fundi, tunazeeka. Akacheka. Akanipa kiti."

Inspekta alisimama, akaenda kusimama karibu na mlango, mgongo ukiwa kwao, mpaka alipojiamini kugeuka. Alimsomea shitaka la kuua bila kukusudia. Mwalimu alisaini kwa mwandiko mzuri sana, kisha akauliza kama ile picha ya kliniki inaweza kutolewa leo, kabla ya wagonjwa wa kesho kufika.

"Hiyo si kazi ya polisi," alisema Inspekta. Lakini alipotoka alimpigia daktari wa moyo simu, si kwa ajili ya picha. Kulikuwa na mtu mahabusu mwenye vali ya chuma, damu iliyojaa mafuta, na dozi iliyopunguzwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Akiachwa hivyo, vali ingeweza kuziba kabla hajamwona hakimu.

Daktari alikuja mwenyewe, hakutuma muuguzi. Alimtoa Mwalimu damu, akaandika jina kwenye kichupa kwa mkono wake, akakitia mfukoni mwa koti lake.  Alipokuwa anaondoka alisimama mezani kwa Inspekta.

"Nilimsema mbele ya watu," alisema. "Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu. Ningemwambia tu apandishe mikono, ningeona."

"Hata mimi niliiona hiyo mikono," alijibu Inspekta. "Nikamkamata mkewe."

*

Angeweza kumtuma sajini. Utaratibu unaruhusu: mtuhumiwa anaachiwa, anarudishiwa vitu vyake, anasaini, anaondoka. Inspekta aliendesha gari mwenyewe, na mjane akaketi mbele, kando yake, aproni iliyokwisha kukauka ikiwa imekunjwa mapajani. Njiani alimweleza yote. Hakupunguza kitu. Mwanamke alisikiliza akitazama barabara, na hata walipofika kwenye kile kisa cha Mwalimu kumwambia Fundi kwamba huenda anakula usingizini, mkono wake ulianza kuikunjua aproni na kuikunja tena.

Karakana ilikuwa imefungwa. Kinyozi alizima mashine yake alipoliona gari. Majirani walitoka barazani, wale wale wa siku ile. Binti alikuja mbio, safari hii hakuna aliyemwambia arudi nyuma.

Inspekta aliteremka, akavua kofia yake. Hakuwa na kawaida ya kupaza sauti, lakini alipaza.

"Nilimchukua mama huyu mbele yenu, kwa hiyo nasema mbele yenu. Hana kosa lolote. Alitoa dawa kama alivyoagizwa na daktari. Na mume wake hakula alichokatazwa, wala hakusema uongo. Damu iliyopimwa haikuwa yake."

Kinyozi aliinamisha kichwa. Taulo yake ikamteleza begani, asiiokote.

Inspekta akamgeukia mjane, sauti ikarudi chini. "Mama, nimekukosea. Nilikudhania vibaya, nikakulaza ndani na msiba wako. Naomba unisamehe."

Mwanamke alimtazama kwa muda mrefu, bila chuki.

"Wewe ulimdhania vibaya mtu usiyemjua," alisema. "Mimi nilikuwa nalala naye kitanda kimoja."

Alimshika binti yake mkono, wakaingia ndani.